Mlango Hauhami

Kila asubuhi, kabla hata ya kupiga mswaki, Mwenye Nyumba alitoa kiti chake barazani, akaweka redio juu ya paja na kusikiliza vita.

Sisemi alisikiliza habari. Bei ya pamba, matokeo ya mpira, waziri kufungua kisima, hizo zilipofika alipunguza sauti na kunywa chai. Sauti ilipanda mtangazaji alipofika ng'ambo: Burundi kumeamkaje, Kongo kumeamkaje. Ikitajwa kwamba watu wamekimbia makwao, alitikisa kichwa kwa huzuni kubwa, akasema, "Masikini ya Mungu, watoto wa watu," na papo hapo macho yake yalikuwa yameshaondoka barazani, yanatembea mtaa wetu wa Gungu mzima yakitafuta nyumba ambayo mtu ameshindwa kuimalizia. Huzuni ilikuwa ya kweli, naapa. Na hesabu nayo ilikuwa ya kweli. Vyote viwili vilikaa kwenye uso mmoja bila kugombana, na kwa miaka yote niliyopanga kwake sikujua kipi kilikuwa kinaamka kwanza.

Tulimwita Mwenye Nyumba. Hata wasiopanga kwake walimwita hivyo, hata watu wa msikitini, hata mkewe siku akimkasirikia, na siku hizo hazikuwa chache. Alikuwa mtu wa Ujiji, mfupi, kanzu safi, kofia imekaa sawasawa, na viganja vipana ambavyo alivitumia kupiga kuta. Hakuweza kupita kwenye ukuta bila kuupiga. Nimemwona akipiga ukuta wa hospitali alipokwenda kumjulia hali mgonjwa, na mgonjwa akamuuliza, "Vipi, Mzee, nitapona au unanunua?"

Mimi nilikuwa bwana samaki. Serikali, kwa hekima yake, ilinitoa Singida, ambako maji tunayajua kwa ndoo, ikanileta Kigoma nisimamie ziwa. Nilifika na begi moja na nikaelekezwa kwa mzee mwenye vyumba. Alinionyesha chumba kizuri: kuta zimepigwa lipu, dirisha lina nondo, sakafu ya saruji. Mlango tu ndio haukuwepo. Palikuwa na tundu.

"Mzee, mlango uko wapi?"

"Unakuja nao wewe."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Hiyo ndiyo ilikuwa sheria yake, na ndiyo iliyomjengea nyumba zote alizokuwa nazo. Mpangaji mpya ananunua mlango mwenyewe kwa maseremala wa mtaa wa Mwanga, anaufunga, kisha anakatwa kidogo kidogo kwenye kodi, kwa bei ambayo Mwenye Nyumba aliiona ndiyo bei halali ya mlango. Bei hiyo haikuwahi kukutana na bei ya seremala yeyote aliye hai. Siku ukihama, mlango unabaki. "Mpangaji huhama," alisema akiinua kidole, "mlango hauhami."

Uongo mtupu. Milango yake ilihama kuliko wavuvi. Mpangaji akishatoka tu, kabla vumbi la mkokoteni wake halijatulia, Mwenye Nyumba alikuwa ameshang'oa mlango ule na kuupeleka kwenye nyumba nyingine aliyokuwa anaimalizia. Mpangaji anayefuata akifika anakuta tundu, anaambiwa unakuja nao wewe. Kwa njia hiyo yeye hakununua mlango hata mmoja maishani mwake, na bado alikuwa na milango mtaani kote. Uani kwetu kila chumba kilikuwa na sura yake. Wa mwalimu ulikuwa wa mninga, una maua. Wa askari magereza ulikuwa wa chuma, na ulipofungwa tuliamka wote. Mmoja ulitengenezwa kwa makopo ya mafuta ya msaada yaliyokatwa na kunyooshwa, na maandishi yake yalisomeka kichwa chini.

Chumbani kwake mwenyewe kulikuwa na pazia. Tundu la chumba cha baba mwenye mali lilikaa na kanga miaka yote, maana kila mlango uliopatikana ulikuwa na chumba cha kupangisha kinachousubiri. Mkewe alitutangazia wapangaji wote akiwa anachambua dagaa: "Nimeolewa na mtu mwenye milango mingi kuliko gereza, na mimi navalia nguo nyuma ya kanga!"

"Chumba chako hakilipi," Mwenye Nyumba alimjibu, kwa upole kabisa.

Hakuwahi kuchimba msingi. Msingi, alisema, unakula hela na hauonekani, uachie wenye haraka. Yeye alisubiri. Mtu wa Gungu au Kasingirima akianza nyumba yake, akafika kwenye lenta, akaishiwa, Mwenye Nyumba alikuwa anajua. Majani yakiota sebuleni, anaanza kumsalimia mwenye pagala. Mara ya kwanza salamu tu. Mara ya pili anauliza ada za watoto. Mara ya tatu anakuja na sukari na kuuliza hali ya bibi mgonjwa. Ukimwona ameleta sukari, ujue nyumba imeshauzwa, ni wewe tu hujaambiwa. Na hela hakutoa yote. Alitoa sehemu, akaezeka, akapangisha, halafu akamlipa muuzaji sehemu iliyobaki kwa kodi ya nyumba ileile, pole pole, huku akipokea shukrani. "Nyumba inajilipia yenyewe," aliniambia. "Mimi naishika mkono tu isianguke."

Benki alikwenda mara moja. Alirudi amechukia kama mtu aliyetukaniwa mama. "Bwana Samaki, wale watu wanataka niwape nyumba ndiyo wanipe hela ya nyumba. Sasa hiyo ni biashara au ni kubadilishana?" Hawakumwona tena.

Benki yake ilikuwa mashirika. Miaka ile wakimbizi walikuwa wanateremka kila siku, na nyuma yao yalikuja magari meupe, na nyuma ya magari meupe zilikuja dola. Mama mmoja mzungu wa shirika alitaka nyumba yenye ukuta, tangi la maji na kibanda cha mlinzi. Mwenye Nyumba alikuwa na pagala lenye mbuzi. Alimpeleka palepale, akawaondoa mbuzi kwa heshima, akamchorea nyumba nzima hewani kwa mikono: hapa jiko, hapa bafu, pale ua la waridi. Akapokea kodi ya mwaka mzima. Kwa kodi hiyo akaezeka. Mama wa watu alipofika na magodoro yake alimkuta fundi bado yuko juu ya paa, na Mwenye Nyumba yuko chini amefungua mikono: "Karibu sana, Madam! Umeiona hewa?" Yule mama akalala gesti mwezi mzima huku analipia hewa.

Milango ya nyumba ile ilitoka wapi? Ilitoka kwetu. Tuliporudi kazini jioni tulikuta mlango wa bafu umekwenda na mlango wa choo umekwenda. Kwa wiki kadhaa tulioga nyuma ya gunia tukiimba kwa sauti ili watu wajue pana mtu. Mwalimu aliimba nyimbo za kwaya. Askari magereza, ambaye hakujua wimbo wowote, alihesabu.

Mama Speransi alikuja katikati ya miaka hiyo, na yeye peke yake, kati ya wapangaji wote, hakuulizwa mlango. Alikuwa nao mgongoni.

Alikuwa mwanamke mrefu kutoka Burundi, upande wa Nyanza-Lac. Alishuka botini Kibirizi na watoto watatu na mlango umefungwa kwa kamba za katani. Mwenye boti alikuwa ameutoza mlango nauli ya mtu mzima. Kwa nini mtu anakimbia risasi na mlango? Tulimuuliza, kwa sababu hatuna adabu. Akasema mumewe aliuchonga, na mumewe hayupo, na kwao nyumba iliyobaki na mlango wake ni rahisi kuchukuliwa, anayekuja anaufungua tu na kuingia. Akasema hivyo huku anaosha vyombo.

Mlango wenyewe ulikuwa wa mbao nyekundu, mzito, na mfupi. Ulipofungwa kwenye tundu la chumba chake ulibakisha nafasi ya shubiri moja juu. Mwenye Nyumba aliizunguka kasoro ile kwa muda mrefu, kisha akapigilia kipande cha bati la kopo la mafuta ya msaada kuziba, na akapunguza makato ya mlango kwa sababu, alisema, mlango haujafika.

Mama Speransi alishona. Alikuwa na cherehani ya miguu aliyoipata kwa kuuza vitenge kimoja kimoja, na tangu asubuhi tulisikia mguu wake. Kila siku alimsalimia Mwenye Nyumba kwa Kirundi, "Amahoro, Baba." Maana yake ni amani. Na yule, redio juu ya paja, alilazimika kuitikia "amahoro" asubuhi kwa asubuhi, kwa sauti ya mtu anayelipa ushuru.

Hakuwa na kibali cha kukaa mjini. Wakimbizi walitakiwa wawe kambini, na watu wa msako walipita nyumba hadi nyumba. Mwenye Nyumba alijua, na kodi yake aliipandisha kwa kujua, kwani mtu asiye na kibali hana pa kwenda kulalamika. Haya niyaseme waziwazi kwa sababu linalofuata linaweza kumpendezesha mno. Msako ulipofika kwetu, alisimama getini amejaza tundu zima na kanzu yake.

"Yule pale nani?" ofisa wao akauliza.

"Mjane wa marehemu kaka yangu. Wa Ilagala."

"Mbona Kiswahili chake kina Kirundi?"

"Na wewe ungelia miaka miwili ungesema nini?" Machozi yakamtoka. Machozi, nimeyaona. Akaanza kuwasimulia jinsi kaka yake alivyozama mdomoni mwa Malagarasi, na nyavu zilivyopatikana, na kofia, mpaka yule ofisa akavua kofia yake mwenyewe. Walipokwenda nikamuuliza kama aliwahi kuwa na kaka. "Mpangaji akikamatwa chumba kinalala njaa," akasema, akipangusa uso. Nilimwamini. Lakini alirudia uongo ule kila msako, na kila mara kaka yule alizidi kuwa mtu mwema, na mwaka wa mwisho alimfanyia hitima.

Kisha amani ikaja, na nyumba yetu ikapata msiba.

Redio ilitangaza mapatano na Mwenye Nyumba akabadilisha betri. Magari meupe yalianza kupungua. Nyumba ya hewa ilibaki wazi na mbuzi wakarudi sebuleni. "Sasa watu watakula nini?" aliuliza, kwa uchungu, mbele ya watu waliokuwa wanalia kwa furaha. Mkewe alimrushia ungo.

Mama Speransi akajiandikisha kurudi. Alhamisi msafara ungeondoka. Jumatatu nilirudi kutoka forodhani nikamkuta amepiga magoti, ana bisibisi, anafungua bawaba. Mwenye Nyumba akatoka na kiti chake, akakiweka pale pale na kukaa, mgongo umeegemea mlango.

"Unafanya nini, Mama Speransi?"

"Nafungua urugi rwanje, mlango wangu, Baba. Alhamisi tunapanda gari."

"Safari njema. Mlango hauhami."

"Oya, hapana, Baba. Huu sikuununua hapa. Nimekuja nao."

"Kila mtu alikuja nao. Bwana Samaki huyu alikuja na wake. Leo nikikuachia wewe, kesho nyumba zangu zote ziko uchi."

Mama Speransi akaweka bisibisi chini. Hakupandisha sauti. Alisema amepata habari kwamba kuna mtu amekaa kwenye nyumba yake huko kilimani, kwao kijiji huitwa kilima, na mtu huyo anasema nyumba ni yake. Karatasi hawakuwa nazo, mumewe hakuwahi kuwa nazo. Wazee wa kilima watamuuliza alama yake iko wapi.

"Mume wangu alichonga fremu na mlango siku moja, Baba. Mlango mfupi, fremu fupi, kwani yeye alikuwa mfupi. Fremu imebaki kule. Nitawaambia wauweke. Ukikaa, nyumba ni ya watoto. Nikienda mikono mitupu, mimi ni mwongo tu aliyetoka Tanzania."

Yule mzee, aliyenunua kila nyumba yake kwa mashahidi na sukari, asiye na hati hata moja kwa jina lake, alielewa jambo lile kuliko sisi wote tuliosoma. Uso wake ulionyesha ameelewa. Akainuka, akapiga ukuta mara moja kwa kiganja.

"Nimekusikia. Lete mwingine, uchukue wako."

Nilimwambia hana haya. Mwalimu alimwambia zaidi ya hapo. Tukachanga, lakini ilikuwa tarehe ambazo mtumishi wa serikali anaishi kwa dagaa wa mkopo, na mchango wetu ukatosha bawaba tu. Jumanne Mama Speransi aliuza cherehani kwa fundi mmoja wa Mwanga, yeye na watoto wake wakarudi wamebeba mlango mpya wa mninga, mrefu, kamili. Mwenye Nyumba akaupokea. Akaupapasa. Akaugonga kwa kidole na kusikiliza. "Mbao safi," akasema, na mkewe akaingia ndani na hakumsemesha mpaka Ramadhani.

Alhamisi asubuhi mlango mwekundu alikuwa ameubeba Mwenye Nyumba mwenyewe. Kichwani, kanzu imekunjwa kiunoni, akapita Gungu nzima mbele ya yule mama na watoto. Kwenye magari ofisa wa msafara akasema mlango haupandi, mzigo ni mwingi, kuna watu.

"Mlango?" Mwenye Nyumba akashangaa. "Wapi unaona mlango? Hiki ni kitanda. Huyu mama mgongo wake umevunjika, daktari amesema alalie ubao. Bwana Samaki, si ulikuwepo?"

"Nilikuwepo," nikasema. Kitanda kikapanda.

Miezi ikapita. Siku moja dereva wa msafara akapiga honi nje na kuleta salamu. Yule mama mrefu amesema aambiwe baba mwenye nyumba kwamba umekaa.

"Umekaa wenyewe au umepigwa randa?"

"Amesema umekaa tu, Mzee. Wazee walipiga makofi."

Mwenye Nyumba akaitikia kwa kichwa. Halafu akamuuliza dereva anapanga wapi.

Nilihamishwa mwaka uliofuata, na nikarudi Kigoma miaka mingi baadaye, kwenye semina, nywele zimenitoka. Ng'ambo kulikuwa kumechafuka upya. Kibirizi watu wanashuka, magari meupe yamerudi, mjini chumba hakipatikani. Nikajisemea, mzee wangu sasa anacheka. Njiani nilipita Kasingirima nikauona mlango wangu. Uko kwenye banda la kuku.

Nilimkuta barazani, redio juu ya paja, amekuwa mdogo ndani ya kanzu. Shikamoo, marahaba, Bwana Samaki, umenenepa. Mtangazaji akafika ng'ambo. Nikasubiri ile "masikini ya Mungu" na macho kutembea. Hayakutembea. Alibana redio sikioni, akasikiliza majina ya vilima mpaka la mwisho, kisha akazima na kushusha pumzi.

"Biashara imerudi, Mzee," nikasema, kwa sababu na mimi nina mdomo.

"Imerudi," akasema, na akainuka kwa shida kunionyesha uani.

Vyumba vyote vilikuwa na watu isipokuwa kimoja. Cha Mama Speransi kilikuwa kimefagiliwa, kitupu, tundu limebaki wazi. Juu ya tundu kile kipande cha bati kilikuwa bado kimepigiliwa, kimeshika kutu. Ndani, ukutani, mlango wa mninga ulikuwa umeegemezwa, umefungwa gunia. Haukuwahi kutiwa bawaba.

"Na cherehani?" nikamuuliza. Jambo lile lilikuwa bado linaniuma.

"Niliifuata kwa yule fundi. Anataka mara mbili ya bei aliyonunulia."

"Ukainunua?"

"Bado tunaongea."

"Miaka yote hii?"

"Mtu mgumu sana yule," akasema, kwa chuki ya kweli.

Nikagonga ule mninga. "Mlango unao, Mzee, na ni mzuri. Kwa nini hujaufunga ukapangisha?"

"Ni mrefu. Mpaka ung'oe bati." Akalitazama bati. "Nikiufunga huu, akija na wake tutauweka wapi?"

"Kwa hiyo unaomba arudi."

"Wee!" Akanigeukia kwa ukali ambao sikuutegemea. "Naomba asije! Kila asubuhi nakaa pale naomba wasikitaje kilima chake. Lakini wakikitaja?"

Hapo getini akaingia kijana wa shirika, beji kifuani, bahasha mkononi, ameelekezwa. Alitusalimia vizuri, akachungulia ndani ya tundu, akaona sakafu safi.

"Mzee, nasikia una nafasi. Nalipa mwaka mzima, sasa hivi. Mlango nitaununua mwenyewe."

Niliona kidole cha yule mzee kikicheza kwenye kanzu. Mwaka mzima, na mlango juu yake.

"Hiki si kitupu?" kijana akauliza.

"Kina mtu," akasema Mwenye Nyumba.